Nilimchinja Ng'ombe wa Faustina

SEHEMU YA TANO

Wenye kumbukumbu nzuri wanajua wiki jana mliniacha nimefungiwa stoo ya vitabu, nimekaa juu ya bunda la atlasi zilizoliwa na panya. Waliokosa gazeti lile wasogee karibu. Nitawapa kwa ufupi halafu tuendelee, maana leo ndiyo siku niliyokuwa naikwepa tangu sehemu ya kwanza.

Mimi ni Mbuke, binti wa mzee Shigela, mfugaji wa Usangu, kule Mbeya. Siku hizi nauza vitunguu Ruaha Mbuyuni kando ya barabara kuu, na mkininunulia msiniulize nilisoma mpaka wapi. Faustina wa Kihesa, mjini Iringa, ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulikuwa Kidato cha Sita, shule ya bweni ya wasichana ambayo siitaji jina, kwa sababu wapo walimu wake waliokuwa watu wazuri.

Simu shuleni ilikuwa marufuku. Sisi tulikuwa nayo. Kaka yangu Ezekiel ndiye aliyeniletea, tukaificha ndani ya ndoo ya sabuni ya unga chini ya kitanda chetu, Faustina akilala juu na mimi chini. Metroni akaikuta. Faustina akapelekwa maabara, mimi stoo.

Haya. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Gideoni, mwalimu wa nidhamu, na karatasi mbili mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Moja ya kuandikia, moja ya kuchafulia. Weka saa pale juu, kama kwenye mtihani. Saa nne na dakika kumi."

Nikaandika saa.

"Sikiliza, sitarudia. Mkinyamaza wote wawili, mnakwenda nyumbani wiki mbili, mnarudi na wazazi, yanakwisha. Ukimtaja mwenzako kwamba simu ni yake, na yeye akanyamaza, wewe unakula viboko vinne unarudi darasani. Yeye anafukuzwa. Akikutaja yeye ukanyamaza wewe, unafukuzwa wewe. Mkitajana, muhula mzima mnakaa nyumbani. Mtihani wa mock mtausikia kwa wenzenu."

"Mwenzangu ameambiwa hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno. Mna mpaka kengele ya chakula cha mchana."

Alipofunga mlango nilicheka. Msinishangae. Nilicheka kwa sababu maneno yale nilikuwa nayajua, yalitoka kwenye ubao wa darasa letu, na aliyeyaandika hakuwa yeye.

Mwalimu Jailos alitufundisha hesabu siku za wiki, na Jumamosi asubuhi alitufundisha kitu kisichokuwamo kwenye silabasi: namna ya kuamua jambo wakati yatakayokupata yanategemea pia uamuzi wa mtu mwingine. Alikiita nadharia ya michezo. Mwalimu Gideoni alikuwa akija kukaa kiti cha nyuma kabisa, anasahihisha madaftari yake, tunadhani hasikilizi.

Jumamosi moja Mwalimu Jailos alichora ubaoni vyumba vinne, kimoja kwa kila namna mambo yanavyoweza kuisha, na kuwaweka ndani wezi wawili wa nyanya, kila mmoja akihojiwa peke yake.

"Mbuke. Mwizi mwenzako akinyamaza, kwako lipi afadhali?"

"Kumtaja, mwalimu. Naachiwa leo leo."

"Na akikutaja?"

"Kumtaja vilevile. Nikinyamaza peke yangu nabeba miaka yote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namtaja, vyovyote atakavyofanya."

"Na yeye ana akili kama zako," akasema Mwalimu Jailos, akapiga chaki kwenye chumba cha chini kabisa. "Basi mnatajana, mnaozea jela wote wawili, wakati mngenyamaza mngetoka mapema. Na hakuna hata mmoja wenu aliyekosea hesabu. Hiyo ndiyo sumu yake."

Mimi nikanyoosha mkono, maana kwetu tulikuwa na dawa ya sumu hiyo.

Nikawaeleza. Usangu mfugaji hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi lake. Baba ana ng'ombe wake kwa rafiki yake Justine, na Justine ana wake kwa baba. Ugonjwa ukipiga zizi moja, hufilisiki. Lakini kuna na faida nyingine. Watu wa kuhesabu mifugo wakija kumwuliza baba zizi la Justine lina ng'ombe wangapi, baba anatazama mawingu na kusema mwaka huu mvua imechelewa. Hanyamazi kwa mapenzi. Ananyamaza kwa sababu ng'ombe wake mwenyewe wamo mle.

Mwalimu Jailos aliweka chaki chini, akajifuta mikono.

"Baba yako kasoma wapi?"

"Hakusoma, mwalimu."

"Amekibomoa hiki chumba. Kila mmoja ameshika roho ya mwenzake mkononi, kwa hiyo hakuna anayethubutu. Hiyo inaitwa rehani. Na ng'ombe akifa huko aliko, unajuaje kafa kweli, na siyo kwamba kaliwa?"

"Aliyekabidhiwa analeta ngozi, mwalimu. Anaileta mwenyewe kwa mikono yake, anaitandaza mbele ya mwenye ng'ombe. Bila ngozi, amekula."

Wasichana wa mjini walicheka. Faustina hakucheka. Jioni ile tukiwa tunafua aliniambia, "Na sisi tukabidhiane."

Tukakabidhiana. Kila mmoja aliandika barua kwa mkono wake: simu ni yangu peke yangu, mwenzangu hajui lolote. Akaweka sahihi. Yangu nikampa yeye, yake akanipa mimi. Tukaziita ng'ombe. Ya Faustina niliishonea kwenye pindo la sketi, maana mtoto wa mfugaji anaweka cha thamani mwilini. Sikumwuliza yangu ameiweka wapi. Kwetu hiyo ni dharau, kumwuliza mtu ng'ombe wako analala wapi.

Ndiyo maana pale stoo nilicheka. Gideoni alikuja na somo la wezi wa nyanya, hakujua kwamba sisi tulishahama somo hilo. Nikimgusa Faustina, anatoa barua yangu. Akinigusa, natoa yake. Wiki mbili nyumbani, ninywe maziwa ya mgando, nirudi. Karatasi nikaiacha tupu.

Saa tano kasoro alirudi.

"Mwenzako ameshaandika. Ukurasa mzima. Mwandiko mzuri."

Sikuigusa kalamu. Hilo nalo tulifundishwa: maneno ambayo mtu angeyasema hata kama si kweli hayana uzito. Ameandika, hajaandika, Gideoni angesema vilevile.

"Huogopi?"

"Naogopa, mwalimu."

"Basi andika."

"Sina cha kuandika, mwalimu."

Akatoka. Nilijiona mjanja sana. Nilijiona binti wa Shigela kweli kweli, nakumbuka hata nilikunja miguu juu ya zile atlasi kama mtu aliyekaa kwake.

Saa tano na nusu akarudi tena. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaifungua taratibu, akanishikia mbele ya uso.

"Hii unaijua?"

Ilikuwa barua yangu. Mwandiko wangu, sahihi yangu, doa la mafuta ya kujipaka pembeni. Simu ni yangu peke yangu, mwenzangu hajui lolote.

Barua ile ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu duniani. Haya hayakuwa maneno tena. Hii ilikuwa ngozi, imetandazwa mbele yangu, na kwetu ngozi inaletwa na aliyekabidhiwa.

Faustina amechinja.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponihurumia, na mimi sitaki huruma ya bure. Kama ningeandika simu ni yetu wote, ningekuwa mtu aliyetishika. Kama ningetoa ile barua yake tu, ningekuwa mtu aliyelipiza. Mimi nilivuka hapo.

Nilichana pindo la sketi kwa meno, nikatoa barua ya Faustina, nikaiweka juu ya meza. Halafu nikashika kalamu. Niliandika kwamba simu ni ya Faustina. Kwamba ile barua yenye mwandiko wangu alinilazimisha niiandike, kwa kunitishia kuninyima maji ya kuoga. Kwamba alikuwa akiongea na mwanamume mtu mzima kila Ijumaa. Aliyekuwa akiongea na mtu kila Ijumaa ni mimi, na mtu mwenyewe nitamfikia sehemu nyingine, Mungu akipenda.

Gideoni alisoma yote akiwa amesimama. Alikunja karatasi mara mbili.

"Vizuri. Viboko vyako utakula baada ya chakula."

"Viboko?" Nilidhani ni muhula mzima. "Kwani na yeye hakunitaja?"

"Nani kasema alikutaja?"

"Umenionyesha barua, mwalimu. Amekupa barua."

"Nilisema amenipa? Nilikuuliza kama unaijua." Akafungua mlango. "Metroni ameitoa kwenye kasha la Biblia ya mwenzako. Nyie mabinti wa huku kila cha maana mnakiweka kwenye Biblia, vyeti, picha za marehemu, barua za wachumba. Ndipo tunapoanzia kupekua. Mwenzako tangu saa nne hajafungua mdomo. Karatasi aliyonirudishia ni nyeupe."

Ngozi inakuonyesha ng'ombe amekufa. Haikuambii nani kachinja. Miaka yote nilimwona Justine akija na ngozi begani, na baba akija kwa Justine na ngozi begani, sikuwahi kuiona ngozi imeletwa na mtu wa tatu. Msichana wa mjini angeuliza, umeitoa wapi? Mimi sikuuliza. Kwetu haiulizwi.

Na nilipoelewa hivyo, mnajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Mhariri, usiliondoe neno hilo. Kabla ya aibu, kabla ya machozi, nilifurahi kwamba nimebaki. Ilikuwa furaha ya kama dakika moja, na dakika hiyo ndiyo ninayoilipia mpaka leo.

Asubuhi yake Faustina alifukuzwa mbele ya shule nzima, mstarini, na baridi ile ya Agosti. Majina ya watahiniwa wa taifa yalikuwa hayajapelekwa, kwa hiyo jina lake lilikatwa tu kwa rula. Mkuu wa shule akamalizia kwa kuwaomba wasichana wote waige mfano wa Mbuke, aliyeuweka ukweli mbele ya urafiki. Wakanipigia makofi matatu, yale mazito ya kilo. Nikapiga goti kidogo kushukuru.

Baada ya mstari Mwalimu Jailos aliniita darasani. Ubao ulikuwa haujafutwa tangu Jumamosi.

"Ulimwuliza Mwalimu Gideoni barua ameipataje?"

"Hapana, mwalimu."

"Nilikufundisha kupima ujumbe. Sikukufundisha kumpima anayeuleta." Alichukua dasta, akafuta vyumba vyote vinne. "Mwalimu Gideoni alikuwa ananiuliza maswali mazuri sana ofisini. Nilidhani amependa somo."

"Mwalimu, nifanye nini?"

"Wewe bado unauliza kama mchezo haujaisha," akasema. Akatoka bila kunitazama, na Jumamosi hakukuwa na kipindi tena.

Faustina hakuondoka siku ile. Mama yake, Paskalina, alikuwa akipika kantini huko Mgololo na asingeweza kufika mpaka mwisho wa wiki. Kwa hiyo walimweka chumba cha wagonjwa, na sanduku lake. Nilipita pale dirishani mara sita kwa siku mbili. Mara zote sita nilijifanya nakwenda chooni.

Siku ya tatu akaja baba.

Alikuwa ameitwa na shule kama mzazi wa shahidi, aje kuweka sahihi. Alitoka Usangu alfajiri, akaingia getini saa tano na kofia yake ya pama na fimbo, vumbi mpaka magotini.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umekonda."

Ofisini kwa mkuu wa shule tulikuwa watu watano: mkuu wa shule, Mwalimu Gideoni, baba, mimi, na Faustina aliyeitwa kutoka chumba cha wagonjwa, amesimama karibu na mlango. Alipomwona baba alipiga goti, akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, baba."

"Ee, mwanangu. Habari ya kwenu."

"Nzuri, baba."

Mkuu wa shule alieleza. Baba alisikiliza akitazama fimbo yake. Kisha Gideoni akafungua droo, akaweka simu mezani, mgongo juu.

Nilikuwa nimesahau. Kaka Ezekiel alipoinunua aliichoma msumari wa moto kwenye mgongo, akaweka alama yetu: mikato miwili mifupi na mmoja mrefu. Ndiyo alama iliyo kwenye masikio ya ng'ombe wote wa Shigela. Iko kwenye vibuyu vyetu, kwenye jembe, kwenye mlango wa nyumba.

Baba aliichukua simu. Alipitisha kidole gumba juu ya ile mikato, mmoja, wa pili, wa tatu. Akanitazama, akamtazama Faustina. Faustina alikuwa anatazama sakafu.

"Mzee, hii simu unaifahamu?" akauliza Mwalimu Gideoni.

Baba hajawahi katika maisha yake kumtajia mtu wa ofisi mnyama ni wa nani. Hakuanza siku ile.

"Huku kwenu baridi kali," alisema. "Kwetu mvua tunaisubiri mwezi wa kumi na mbili."

"Mzee, nimeuliza simu."

"Siijui."

Akairudisha mezani, mgongo chini. Neno moja, na kwa neno hilo baba yangu mwenyewe alipigilia msumari pale nilipopigilia. Nilimwona Faustina akifumba macho. Kwa sababu alikuwa anaijua ile alama. Nilimwonyesha mimi, nikamweleza na maana yake.

Baba aliweka dole gumba mahali pa sahihi. Halafu akamwambia mkuu wa shule, "Huyu binti nasikia ni wa kwenda Mgololo. Njia yangu ni hiyo hiyo mpaka Mafinga. Nitamfikisha kwa mama yake."

Mkuu wa shule alishukuru. Akapiga simu kwa Paskalina, Paskalina naye akashukuru, sauti yake tuliisikia sote, akambariki mzee asiyemjua.

Nje, kwenye kibaraza, baba alimwambia Faustina atangulie na sanduku. Faustina alipopita mbele yangu alisimama. Nilidhani atanitemea mate, na ningeshukuru. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa sweta, akaniwekea mkononi, akaenda zake.

Baba aliongea Kisukuma, pole pole, kama anavyoongea na ng'ombe anayetaka kumfunga.

"Mlikuwa mmekabidhiana?"

"Ndiyo, baba. Barua."

"Ya kwako alikuwa ameishika huyu?"

"Ndiyo."

"Alichinja?"

"Hapana. Waliikuta kwa kupekua."

"Na wewe ya kwake?"

Aliona pindo la sketi yangu lilivyoshonwa upya, kwa uzi wa rangi nyingine.

"Haya," alisema. "Kule ndani sikusema, kwa sababu mimi sisemagi mbele ya watu wale. Hapa nasema. Aliyechinja ng'ombe ya kukabidhiwa, analipa kwa ng'ombe ya zizi lake. Sheria unaijua. Mimi zizini kwangu wa kusoma nina mmoja, ni wewe."

"Baba, nisamehe."

"Mimi siyo mwenye ng'ombe." Alivaa kofia. "Nitatembea mpaka getini. Ukiniita kabla sijavuka geti, tunarudi wote ofisini, nawaambia alama ni yangu. Yule binti atabaki. Wewe utafukuzwa, na nitakupeleka nyumbani, na utakuwa mwanangu. Usiponiita, baki na shule yako. Nitamsomesha huyu huko Mbeya kwa jina la zizi langu. Usangu usije."

"Baba."

"Sitageuka."

Tishio lina uzito pale tu anayelitoa anapoweza kulitekeleza hata likimwumiza yeye mwenyewe. Hilo Mwalimu Jailos alilifundisha Jumamosi mbili nzima, na mimi peke yangu sikuandika madokezo. Nilikuwa nimeshamwona baba akiliacha dume lake bora kwenye tope la Usangu, kwa sababu alisema likiingia tena hatalivuta. Liliingia tena. Alitembea mpaka nyumbani, akala, akalala.

Akaanza kutembea.

Toka kibaraza mpaka getini ni kama hatua mia moja na hamsini. Faustina alikuwa mbele, sanduku kichwani. Baba alimfikia, akalichukua sanduku, akaliweka begani kwake.

Nikafungua karatasi.

Ilikuwa ile ya pili, ya kuchafulia. Gideoni hakuwahi kumdai. Juu iliandikwa saa: saa nne na dakika ishirini. Saa moja na zaidi kabla mimi sijaonyeshwa barua yoyote. Chini yake Faustina alichora vyumba vinne, kwa rula, kama Mwalimu Jailos. Nilitegemea awe ameweka duara kwenye chumba cha kunyamaza wote. Duara lilikuwa kwenye chumba kingine, kile ambacho yeye ananyamaza na mimi namtaja. Pembeni aliandika kwa penseli: Mbuke ataandika. Si mbaya, ni mwoga. Mimi siandiki.

Alikuwa amejua. Alikaa kwenye chumba chake na macho yote wazi, akanisubiri nimfungie.

Nilipoinua uso walikuwa wamevuka bustani. Hatua themanini. Nikawaza mtihani wa taifa. Nikawaza chuo, jina langu ubaoni. Nikawaza Usangu bila mimi, na mimi bila Usangu. Hatua hamsini. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuvuta komeo.

Hatua thelathini. Nikajiambia, nikifika kumi naita.

Na hapa, wasomaji wangu, nifike pale nilipoahidi kufika. Ndugu zangu wote nimewaambia kwamba siku ile nilimwita baba. Mchungaji nimemwambia hivyo, na mume niliyekuja kuolewa naye nilimwambia hivyo. Na ni kweli, niliita. Niliita kwa sauti yangu yote.

Ila upande wangu wa kulia, kwenye mti wa kengele, kulikuwa na dada wa zamu wa Kidato cha Tano, na pale kwetu kengele ni rimu ya lori na kipande cha nondo. Ilikuwa saa ya chakula. Nilimwona akiiokota nondo. Nilimwona akijinyoosha, akiinua mkono.

Nikasubiri mpaka mkono ulipokuwa juu kabisa. Ndipo nikaita.

Rimu ikalia. Ikalia mara saba, na njiwa wote wa shule wakaruka, na sauti yangu sikuisikia hata mimi mwenyewe.

Kengele ilipokoma baba alikuwa amesimama, mguu mmoja nje ya geti, mmoja ndani, sanduku begani. Hakugeuka. Alisema hatageuka.

Aliyegeuka ni Faustina. Alinitazama mimi, akautazama mti wa kengele, akanitazama tena. Kisha akamshika baba yangu mkono, akainuka kwa vidole vya miguu, akaanza kumwambia kitu sikioni.